Biro ndani ya nyumba: namna ya kuipanga ili mwili usikauke ku kiti

Saa ine ya usiku, Bukavu, umeme ukirudi, kartie nzima inasikia: watoto wanapiga kelele ya furaha, hata wale wenye walikuwa wamelala. Lakini katika nyumba nyingi kuko mutu mukubwa mwenye hapigi kelele. Anaamuka mbio, anachomeka ordinatere na telefone, anaikala juu ya kitanda, anaweka ordinatere ku mapaja na kuanza kuandika. Juu hajui umeme utabakia mupaka saa ngapi, hasimami hata kidogo. Asubui ripoti imeisha, na shingo haigeuki tena.

Hivi ndivyo watu wengi wa muji huu wanatumika. Muji unapata umeme wake kutoka mabwawa ya mutoni Ruzizi. Ruzizi ya kwanza inatumika tangu mwisho wa miaka ya 1950, na Ruzizi ya pili, yenye Kongo, Rwanda na Burundi wanagawanya, tangu 1989. Vilima vimejaa manyumba tangu wakati huo, na delestaji imekuwa kitu cha kila siku. Kwa hiyo mutu mwenye kutumika nyumbani anaweza kuwa hana mukubwa wa kazi mwenye kumusimamia, lakini umeme unamusimamia. Ukija, anaikala. Ukienda, anasimama. Habari yote ya biro ya nyumbani inaanzia hapo, mbele ya kuzungumuzia meza na kiti.

Watu wenye kutumika nyumbani si wapya. Mama mwenye kushona nguo ku baraza, mwalimu mwenye kusahihisha makaratasi ya wanafunzi usiku, wote wanaikala kazini tangu zamani. Lakini tarehe 24 mwezi wa tatu 2020, wakati Rais Félix Tshisekedi alitangaza hali ya dharura juu ya ugonjwa wa Korona, wafanyakazi wengi wa mashirika na wa kampuni walitumwa nyumbani na ordinatere zao. Wengine hawakurudi ku biro tena. Wameongezeka pia wenye kutafsiri, wenye kuandika ripoti kwa mukataba wa mwezi moja ao mbili, wenye kupanga hesabu za maduka, na wanafunzi wenye kumaliza kazi yao ya mwisho ya masomo. Mashirika hayawapatie kiti wala meza. Kila mutu anajipangia, na wengi wanajipangia ku kitanda.

Munganga mumoja wa Italia, Bernardino Ramazzini, aliandika juu ya magonjwa yenye kila kazi inaleta. Kitabu chake kilitoka mwaka wa 1700. Kisha, mwanzoni mwa karne hiyo ya 18, akaandika pia juu ya makarani. Alisema kuko vitu vitatu vyenye vinawaumiza: kuikala bila kuondoka, kupitisha mukono namna moja siku nzima, na akili yenye inabakia imefungwa kwa kuogopa kukosea hesabu. Mutu angefikiri alipita Nyawera juma lililopita.

Mwaka wa 1953, Uingereza, munganga Jerry Morris na wenzake walitangaza mambo yenye walipata kwa kulinganisha wafanyakazi wa mabasi ya London. Dereva na mukusanya feza ya tiketi walikuwa ndani ya basi moja, saa moja, moshi moja. Lakini dereva alikuwa anaikala, na mwenzake alikuwa anapanda na kushuka ngazi za basi ya ghorofa mbili siku nzima. Madereva ndio walikuwa wanapata zaidi ugonjwa wa moyo. Tangu wakati huo wachunguzi wengine wamefuata habari hiyo inchi kwa inchi, na mwezi wa kumi na moja 2020, Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, lilitoa mashauri mapya: mutu mukubwa atembeze mwili kwa nguvu ya katikati dakika 150 mupaka 300 kila juma, na apunguze saa za kuikala. OMS inasema vilevile kwamba kila dakika inahesabiwa, hata ile ya kupanda kilima, ya kufagia, ya kuteka maji.

Hapo wakaaji wa Bukavu wako na bahati yenye watu wa miji ya tambarare hawana. Kutoka soko ya Kadutu mupaka nyumbani kwa miguu, na mufuko ku mukono, ni mazoezi ya kweli. Mama mwenye amebeba bido ya litri 20 kutoka ku bomba, asubui na mangaribi, hana lazima ya kuambiwa aende kukimbia. Yeye anakosa kitu kingine: kuikala vizuri wakati anaikala, na kupumuzika. Mashauri haya yanahusu sana sana mutu mwenye anaamuka, anafungua ordinatere, na saa kumi na mbili ya mangaribi anaona kwamba hajatoka hata ku kiwanja.

Kitu cha kwanza cha kubadilisha hakiombi feza. Ni kutenganisha saa za kuchaji na saa za kuikala. Umeme ukija usiku, uchaji vitu: ordinatere, telefone, batri ndogo ya kubeba, lampi. Mutu alale. Batri ya ordinatere yenye ingali nzima inaweza kubeba saa mbili, tatu, wakati mingine zaidi, ukipunguza mwangaza wa ekrani na kufunga programu zenye hazitumiki. Hiyo ni kazi ya asubui yote, na mutu anaweza kuifanya mbele ya dirisha na akili yenye imelala. Kwa mwenye kazi yake inaomba intaneti kila dakika, itakuwa nguvu, lakini ripoti, tafsiri na hesabu nyingi zinaweza kuandikwa bila intaneti, kisha zitumwe mara moja. Mwenye batri yake imekufa, yenye inazimika mara moja umeme ukienda, aweke feza ku batri mbele ya kuiweka ku kiti kizuri. Batri ndiyo itamupatia ruhusa ya kusimama.

Kisha meza. Katika nyumba nyingi kuko meza mbili: ile ya chini ya salo, ya kuwekea soda ya wageni, na ile ya kulia. Ya chini haifai hata kidogo. Inalazimisha mutu kuinama kama mwenye kutafuta shilingi chini, na kichwa cha mutu mukubwa, chenye kinapima karibu kilo 5, kinavuta shingo saa zote. Ya kulia inazunguka santimetre 75, na hiyo inafaa watu warefu. Kwa mutu mufupi inapandisha mabega mupaka karibu na masikio, na mangaribi anafikiri kwamba anaumwa na kichwa juu ya jua.

Fundi wa mbao akiombwa meza, anafanya ile anazoea. Kwa hiyo mwenye kumuomba aende na kipimo chake. Kinapatikana hivi: mutu anaikala ku kiti chenye atatumia, nyayo zote mbili zikanyage chini, mabega yalegee, kiwiko kikunjwe kama kona ya mulango. Mutu mwengine apime kutoka chini mupaka ku kiwiko. Huo ndio urefu wa meza. Kwa watu wengi itakuwa kati ya santimetre 60 na 75, lakini usikamate namba ya jirani. Mbao ya karatusi inatosha, mradi imekauka vizuri. Ikiwa mbichi itajikunja na meza itacheza. Upana uwe wa kutosha ili ekrani ikae mbali na macho urefu wa mukono. Na chini ya meza usiache fundi aweke ubao wa kukaza wenye utagonga magoti, juu magoti yakikosa fasi mutu anaikala upande, na mugongo unajipinda.

Mwenye meza yake ni ndefu na hana feza ya ingine, apandishe kiti kwa muto mugumu, kisha aweke matofali mawili ao kibao chini ya miguu. Miguu yenye inaning'inia inakata damu nyuma ya magoti.

Juu ya kiti, habari ni fupi kuliko watu wanafikiri. Kiti cha plastiki cha kila siku si kibaya. Kikwembe kilichokunjwa kama mukate murefu, kikiwekwa nyuma ya kiuno, kinajaza lile tundu lenye mugongo unaacha, na kazi imekwisha. Fotei ya salo ndiyo mbaya, hata kama ndiyo kitu cha bei kupita vyote nyumbani. Inameza mutu, magoti yanapanda juu ya kiuno, mugongo unakuwa kama upinde. Fotei iachiwe wageni.

Ordinatere ya kubeba iko na kilema cha kuzaliwa: ekrani na vifungo vimeshikana. Ukiweka vifungo ku urefu wa kiwiko, ekrani iko chini sana kwa macho. Ukipandisha ekrani, mikono inapanda nayo. Dawa ni klavie ya pembeni, ile ya kuchomeka, na suri yake. Ordinatere inapandishwa juu ya vitabu vya zamani mupaka upande wa juu wa ekrani ulingane na macho, na klavie inabakia chini. Mwenye hawezi kununua klavie apandishe ordinatere wakati wa kusoma na wa mikutano, aishushe wakati wa kuandika, na vipande vya kuandika viwe vifupi. Ku kitanda, hapana. Zaidi ya mugongo, matela inafunga matundu ya hewa ya ordinatere, inapata moto mupaka inazimika, na kazi inapotea nayo.

Lakini hata mwenye amepima yote kwa santimetre, akiikala saa sita bila kuondoka, atafika palepale. Hakuna kiti chenye kinaweza kufanya kazi ya miguu. Misuli ya nyuma ya mukuu wa muguu ndiyo inasukuma damu irudi juu. Mutu akiikala, hiyo pompi inalala. Kwa hiyo biro nzuri ni ile yenye inamulazimisha mutu asimame bila kujiuliza. Termosi ya chai ibakie ku jikoni, isiwekwe ku meza. Kopo ya maji iwe ndogo, ili amuke mara mingi kuijaza. Telefone ikiita, ajibu akiwa amesimama, atembee ku kiwanja mupaka mazungumuzo yaishe. Mwenye kusikiliza radio wakati wa kazi ana saa ya bure: kila habari za saa zikianza, anasimama mupaka ziishe. Mwenye hapendi kelele aweke alarmi ya telefone kila dakika 30.

Kuko pia kazie ya bia. Ikigeuzwa kichwa chini juu ya meza ya kulia, inaongeza karibu santimetre 30, na meza ya kuikala inakuwa meza ya kusimama. Kipimo ni kilekile: vifungo vilingane na kiwiko. Kusimama kwenyewe kusipite kipimo, juu mwenye kusimama siku nzima anavimba miguu, wauzaji wa soko wanajua. Nusu saa ya kuikala, dakika kumi za kusimama, hapo ni vizuri. Na mbele ya kuikala tena, mikono ku ukuta, kusukuma mara kumi. Kushuka na kupanda kama mwenye kuikala ku kiti chenye hakiko, mara kumi. Bido ndogo ya litri 5, ikijaa maji, ni kilo 5 kwa mikono. Mutu atachekwa na watoto siku tatu za kwanza. Siku ya ine watamufuata.

Kuko jambo moja lenye halihusu mugongo, na ndilo linaweza kuua usiku mumoja. Umeme ukikosa na kazi iko ya haraka, wengine wanawasha jenereta, ile watu wanaita grupu, na kwa kuogopa mwizi wanaiweka ku koridori ao ku jikoni. Bukavu iko karibu metre 1.500 juu ya bahari, usiku wa mvua kuko baridi, na wengine wanaingiza mbabula yenye makala ndani ya chumba cha kazi, wanafunga dirisha. Grupu na mbabula zote mbili zinatoa monokside ya kaboni. Haina harufu, haina rangi, hailizi macho kama moshi. Inaingia ndani ya damu na kukamata fasi ya oksijeni. Mutu anaanza kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, na anafikiri ni malaria inaanza. Anainamisha kichwa ku meza apumuzike kidogo, na haamuki.

Grupu isiingie ndani ya nyumba kamwe, hata dirisha ikiwa wazi. Iwekwe inje, metre 6 ao zaidi kutoka milango na madirisha, ya mwenyewe na ya jirani. Katika parseli za Kadutu, zenye ukuta unagusana na ukuta, metre 6 hazipatikani mara mingi. Basi, hapo grupu haina fasi, na kazi ingojee asubui. Mbabula ibakie inje. Baridi ipiganishwe na koti, soksi, na kusimama. Watu wawili wa nyumba moja wakiumwa kichwa wakati moja kwa sababu mbabula ao grupu inawaka, wote watoke inje mara moja, kisha waende ku hospitali.

Macho yanaomba kitu kidogo. Meza iwe upande wa dirisha: dirisha ikiwa nyuma ya mutu, ekrani inang'aa kama kioo, ikiwa mbele yake, jua linamuchoma. Kila dakika 20, aangalie kitu chenye kiko mbali, metre 6 ao zaidi, kwa sekunde 20. Wa Muhumba wataangalia ziwa Kivu, wengine wataangalia kilima cha mbele na manyumba yake. Mangaribi, lampi iwekwe pembeni, isiwe nyuma ya kichwa, na chumba kisiwe giza kabisa na ekrani pekee ndiyo inawaka.

Na kuko watu wa nyumba. Mutu mwenye anatumika nyumbani anaonekana kama mutu mwenye hana kazi. Jirani anakuja kuomba amuangalilie parseli, shemeji anakuja kuchaji telefone na kuzungumuza saa nzima. Kwa mwanamuke ni mara mbili: ripoti iko ku ekrani na maharagi iko ku moto, na hakuna mwenye anasema kwamba anafanya kazi mbili. Anapika mchana, anaandika usiku, na usingizi ndio unalipa deni. Hapo meza nzuri haiwezi kusaidia kama mume na watoto wakubwa hawajakubali saa zake. Ni lazima nyumba iikale, ikubaliane: kutoka saa mbili mupaka saa sita mama ama baba iko ku kazi, nani anateka maji, nani anaangalia mutoto. Alama yenye kila mutu anaona inasaidia, kama kitambaa ku mulango. Kitambaa kikitolewa, kazi imeisha, na ordinatere inafungwa.

Kufungwa huko ni haki, si uvivu. Sheria ya kazi ya Kongo, ile ya tarehe 16 mwezi wa kumi 2002, inasema saa za kazi zisipite 45 kwa juma na 9 kwa siku. Ni kweli kwamba wengi wenye kutumika nyumbani hawana mukataba wenye unawaingiza katika sheria hiyo. Lakini ni kipimo chenye mutu anaweza kujipimia: ahesabu saa zake za juma moja, na za usiku ndani, aone.

Maumivu yakianza, wengi wanapitia kwanza ku farmasi ya pembeni ya njia kununua diclofenac ao ibuprofen bila karatasi ya munganga. Vidonge hivyo vinanyamazisha mugongo, na mutu anarudi kuikala murefu kuliko jana. Vikizoewa, vinaweza kutoboa tumbo na kuumiza figo, sana sana kwa mwenye hakula. Maumivu ya kawaida ya kiuno yanapunguka kwa kutembea, si kwa kulala siku tatu.

Kuko alama zenye hazingojee kesho. Maumivu yenye yanashuka muguu mupaka chini, na muguu unaregea. Ganzi katikati ya mapaja. Mukojo wenye hauzuiliki ao unakataa kutoka: hospitali siku ileile. Vilevile muguu mumoja wenye umevimba, unauma na unawaka moto kisha siku za kuikala murefu, na zaidi kama pumzi inakuwa fupi: inaweza kuwa damu imeganda ndani ya mushipa. Muguu huo usikandwe, hata kama nyanya wa nyumba anajua kukanda kupita wote, juu kipande cha damu kinaweza kuondoka na kwenda ku mapafu.

Kwa wengine wote, mbele ya kwenda kuona munganga ao yule wa mazoezi ya viungo, kine, kuko kitu cha kubeba. Mutoto akamate telefone, apige picha ya upande wakati mutu iko ku kazi na amesahau kwamba anaangaliwa. Picha hiyo itaonyesha shingo, mugongo, magoti na urefu wa meza kupita maelezo ya nusu saa. Na hata fundi wa mbao ataielewa.